Anayelia ndani ya kompyuta ni nani?

MASHINE haifiwi. Haiachwi na mchumba, haikai matanga, wala haijui uchungu wa kukesha macho makavu hadi majogoo. Imekuwaje basi, msomaji mpenzi, kwamba baadhi ya nyimbo za majonzi zilizowaliza vijana wa miaka hii ya karibuni huimbwa na kompyuta, na wasikilizaji wenye akili zao timamu hufuta machozi?

Nauliza kama mzazi. Binti yangu ana umri wa miaka 16, na tangu babake alipotuaga mwaka juzi amekuwa akizisikiliza nyimbo hizo usiku, vile vidude vya kusikilizia vikiwa masikioni na uso ameuelekeza ukutani. Hakulia siku ya mazishi, wala siku ya kuanua matanga. Shangazi zake waliotoka Nyeri walininong'oneza kwamba mtoto asiyelia hubeba jiwe. Siku moja nilimwomba anipe kidude kimoja nami nisikie. Alinitazama kidogo, kana kwamba anapima kama nitacheka, kisha akanipa. Tangu hapo tumekuwa tukisikiliza pamoja, yeye kwa sikio la kulia, mimi kwa la kushoto, naye akinifasiria Kijapani alichojifunza kwa kusoma tafsiri za mashabiki.

Kompyuta kuimba si jambo la jana. Mwaka 1961, katika maabara ya Bell huko Marekani, mashine ya kampuni ya IBM iliimbishwa wimbo wa mapenzi wa zamani, "Daisy Bell". Sauti yenyewe ilikuwa kama ya nyuki aliyefungiwa chupani. Mwandishi Arthur C. Clarke aliisikia, na katika filamu ya 2001: A Space Odyssey iliyotoka mwaka 1968, kompyuta iitwayo HAL huuimba wimbo huo huo wakati inapozimwa, sauti ikididimia na kuwa nzito hadi kimya kikatanda. Ukiniuliza mimi, huzuni na kompyuta zilianza kujuana hapo.

Programu za leo zina asili yake katika utafiti ambao kampuni ya Yamaha ya Japani iliuanza mwaka 2000 pamoja na Chuo Kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona. Matunda yake yaliitwa Vocaloid, na sauti za kwanza, Leon na Lola, ziliuzwa mwaka 2004 na kampuni ya Uingereza iitwayo Zero-G. Hazikuvuma sana. Aliyevuma ni Hatsune Miku, aliyetolewa tarehe 31 Agosti 2007 na kampuni ya Crypton Future Media ya mji wa Sapporo. Jina lake kwa tafsiri ni sauti ya kwanza ya siku zijazo. Amechorwa kama msichana mwenye mikia miwili ya nywele za rangi ya feruzi, na umri wake rasmi ni miaka 16. Binti yangu amemfikia mwaka huu. Mwaka ujao atampita, na Miku atabaki pale pale.

Koo la binadamu lipo, ila liko mbali. Sauti ya Miku ni ya mwigizaji Fujita Saki. Aliingia studio akatamka vipande vya sauti visivyo na maana yoyote, navyo vikakatwa na kuwekwa akiba. Mtungaji hukaa mbele ya kompyuta na kuona kinanda kilichosimamishwa wima upande mmoja wa kioo. Huchora kijiti kwa kila noti na kuandika silabi juu yake. Programu hutafuta vipande vinavyofaa, ikavinyoosha na kuviunga vikawa sauti moja. Husemekana Kijapani hutaka vipande kama 500 kwa kila kimo cha sauti, ilhali Kiingereza hutaka kama 2,500. Sababu ni kwamba silabi nyingi za Kijapani huishia kwa irabu, sawa na zetu. Liweke hilo akilini, msomaji, maana nitalirudia.

Jambo lililonigusa zaidi katika maelezo ya binti yangu ni pumzi. Mwimbaji huyu hahitaji kuvuta pumzi. Ukimwacha, ataimba ubeti baada ya ubeti bila kutua, na wimbo utasikika kama mferejini mwa maji. Kwa hiyo watungaji wengi humchomekea pumzi kwa mikono yao, moja moja, mahali ambapo mtu angechoka au angekaribia kulia. Hebu fikiria kijana amekaa peke yake saa nane za usiku, anamtafutia kivuli pa kupumulia.

Nyingi ya nyimbo hizi hazifichi kwamba anayeimba ni mashine, na hapo ndipo utamu na uchungu wake unapochanganyika. Mtungaji aitwaye cosMo alitoa wimbo kuhusu kutoweka kwa Hatsune Miku, toleo lake refu likiwa la mwaka 2008. Unakwenda kasi ya mapigo 240 kwa dakika, maneno yakimwagika kama mvua ya mawe juu ya mabati. Anayeimba ni programu inayojua kwamba inakaribia kufutwa, na inaharakisha kusema yote kabla ya mwisho. Ni vigumu mno kwa binadamu kuusema vizuri kwa kasi ile. Lakini nani kati yetu aliyewahi kukaa kando ya kitanda cha mgonjwa asiyeijua haraka hiyo?

Mwaka huo huo ulitoka "Kokoro", yaani moyo, ulioimbwa kwa sauti ya Kagamine Rin. Ni kisa cha mwanasayansi mpweke aliyetengeneza roboti. Kila kitu kilifaulu isipokuwa moyo, na bwana yule akafa akiwa bado anaushughulikia. Baada ya miaka mamia, roboti anaufungua moyo ule mwenyewe. Kwa muda mfupi anaelewa furaha ni nini, anaelewa huzuni ni nini, anaelewa pia kwamba aliyempenda hayupo tena. Kisha moyo unamlemea na anasimama kabisa. Wimbo huo nilipousikia mara ya kwanza nilisingizia moshi wa jikoni, na tunapikia gesi.

Sisi wa pwani tusijifanye wageni wa mambo haya. Katika taarabu, mwenye donda aghalabu ni mmoja, mtunzi ni wa pili, na mwimbaji ni wa tatu. Mke aliyekosewa huenda kwa mshairi na kumweleza yaliyomsibu. Shairi hupelekwa kwa mwenye sauti. Siku ya harusi mwimbaji hukaa kitako, uso umetulia kama maji ya mtungini, akautoa wimbo mzima bila kupepesa jicho. Mwenye donda huinuka na noti yake kwenda kutunza, na ukumbi mzima huelewa ingawa hajafungua mdomo. Mwimbaji akianza yeye kulia, mwenyewe atalia na nini?

Ndivyo walivyo watungaji hawa wa Kijapani. Wengi wao walianza wakiwa vijana wa chumbani, wasio na bendi, wasio na sauti ya kuimba au wasio na uso wa kuionyesha. Wakajiita majina ya kupanga na kuzitoa kazi zao katika mtandao wa video wa Nico Nico Douga, ambako maneno ya watazamaji hupita juu ya picha wakati wimbo ukiendelea. Mmoja alijiita Hachi. Kwa miaka kadhaa alijificha nyuma ya sauti ya Miku, kisha akajitokeza kwa jina lake, Yonezu Kenshi, akaimba kwa koo lake mwenyewe. Wimbo wake "Lemon" wa mwaka 2018 ni wa maombolezo, na babu yake alifariki akiwa bado anautunga. Ulienea Japani nzima. Mimi naona kwamba ile miaka ya kusemewa na mwingine ndiyo iliyomfundisha kusema.

Mwingine alijiita wowaka. Mwaka 2010 alitoa "Rolling Girl", kuhusu msichana anayejibiringisha na kuanguka, akaanza tena, akaanguka tena, huku akiulizwa kama bado anaweza. Ni wimbo wa kasi, wa magitaa, na asiyejua maneno yake anaweza kuuchezea. Baadaye wowaka aliunda bendi ya Hitorie akawa anaimba yeye mwenyewe. Tarehe 5 Aprili 2019 alifariki usingizini kwa maradhi ya moyo, akiwa na miaka 31. Zile nyimbo alizomtungia Miku bado zinaimbwa kwa sauti ile ile isiyochoka wala kuzeeka. Binti yangu aliponieleza haya alinyamaza kidogo.

"Moyo," akasema. "Usingizini. Kama baba."

Hilo ndilo neno la kwanza alilolitamka juu ya kifo cha babake bila kuulizwa.

Nisije nikaeleweka vibaya, si kila wimbo wa aina hii ninaoupenda. Zipo zinazozungumzia kufa kama mtu anayepanga safari ya likizo, na zipo zinazoyapamba mateso ya watoto mpaka yakafanana na pambo la nywele. Mzazi mwenzangu, ukisikia nyimbo hizo nyumbani kwako usikimbilie kunyang'anya simu. Mimi nilimwuliza wangu waziwazi kama naye huwaza kujidhuru. Alisema hapana. Baada ya kitambo, tukiwa tumeshahamia kwenye mazungumzo ya bei ya nyanya, akasema, "Lakini mama, ni vizuri mtu akiuliza."

Sasa nifike palipotutia mimi naye katika mzozo. Programu inayoweza kushona sauti ya aliye hai inaweza pia kushona ya marehemu. Misora Hibari, mwimbaji ambaye kwa Wajapani ni kama malkia, alifariki mwaka 1989. Miaka 30 baadaye, Septemba 2019, shirika la utangazaji la NHK lilionyesha kipindi ambamo Yamaha iliizalisha upya sauti yake kutoka rekodi za zamani, ikaimba wimbo mpya ambao marehemu hakuwahi kuuona. Tarehe 31 Desemba mwaka huo alitokea, kama picha, katika tamasha kubwa la kufunga mwaka. Mashabiki wake wazee walilia hadharani. Lakini mwimbaji Yamashita Tatsuro alipoulizwa na msikilizaji katika kipindi chake cha redio mwanzoni mwa mwaka 2020, alijibu kwa neno moja ambalo kwetu ni kama kusema: kufuru.

Kuna na kisa kingine kisicho na makelele ya televisheni. Bwana mmoja huko Japani alifiwa na mkewe, aliyekuwa akipenda kuimba. Alichukua rekodi chache alizoziacha mkewe, akazikata silabi kwa silabi, akazitia katika programu ya aina hii hii na kumwimbisha nyimbo mpya. Sauti inakwaruza hapa na pale, na mahali pengine unasikia kiungo kikiachia. Binti yangu alinichezea moja. Ulipokwisha aliniuliza kama bado ninazo jumbe za babake.

Ninazo. Ni jumbe za sauti 61 zilizobaki katika simu yangu. Hakuna hata moja yenye mapenzi ya kutangaza. Katika moja anauliza kama unga umekwisha. Katika nyingine gari limekwama Kibarani na anasema tusimngoje kula. Katika ile ndefu kuliko zote, dakika moja na nusu, analalamikia bomba la maji na kusahau kuzima, kwa hiyo zaidi ya nusu ni viatu vyake vikitembea juu ya kokoto. Binti alikuwa amekwisha kupiga hesabu. Alisema kwamba "unga" ina u na nga, "maji" ina ma na ji, na kwamba tukizichambua zote tutapata karibu silabi zote za kuanzia.

Nikakataa.

Aliniuliza sababu, na nilimpa niliyokuwa nayo. Yule bwana wa Japani simhukumu hata kidogo. Mkewe alikuwa mwimbaji, na kumwimbisha ni kumrudisha kwenye kazi aliyoipenda. Babake huyu hakuimba hata kanisani. Alikuwa akishika kitabu cha nyimbo na kufungua kinywa kama samaki ili padri asimwone. Nikimwimbisha leo nitakuwa nimemfanyizia jambo ambalo angali hai angelikimbia. Isitoshe, nilimwambia, neno "unga" alilolisema siku ile alikuwa akiuliza unga kwa kweli, kwa sababu alikuwa dukani na alitujali. Ukilichana vipande viwili, u upande huu na nga upande ule, mimi nitabaki na nini cha kusikiliza?

Alininunia siku tatu. Simlaumu, kwa maana na yeye ana fungu lake katika sauti ile, pengine kubwa kuliko langu. Mimi nilimjua mtu huyo nikiwa mtu mzima. Yeye hajui dunia isiyokuwa na sauti hiyo. Siku ya nne nilimnakilia jumbe zote 61 katika simu yake, nzima nzima, kwa sharti la kutozikata. Akakubali, na nina imani analitimiza.

Badala yake aliamua kutunga wake. Alipata programu ya bure iitwayo UTAU, iliyotoka mwaka 2008, ambayo humruhusu mtu yeyote kutumia sauti zilizotolewa na wapenzi wengine. Sauti aliyoichagua ni ya Kasane Teto, na asili ya Teto ni kichekesho. Mashabiki wa Kijapani walimbuni kwa ajili ya tarehe 1 Aprili 2008, Siku ya Wajinga, wakamtangaza kana kwamba ni mwenzake Miku wa kweli. Mzaha ukaisha, Teto akabaki. Mwaka 2023 alitolewa rasmi katika programu ya kuuzwa. Binti yangu alisema anampenda kwa sababu alizaliwa ili achekwe na sasa watu humtuma kuwalilia.

Basi Teto akaanza kuimba Kiswahili katika chumba cha nyuma Kisauni, kwa sauti ya Kijapani. Kwa sehemu kubwa hakutatizika, kwa sababu niliyoitaja juu: irabu mwishoni. "Nyumbani" ilitoka safi. "Mkono wako" ilihitaji kusukumwa kidogo. Lakini Kijapani hakina dh wala gh, na zaidi ya yote hakina l. Kila l inageuka r. Kiitikio cha wimbo kilikuwa kinamwambia babake alale, na Teto, kwa upole wote aliokuwa nao, akaimba: rara, rara sarama.

Tulitazamana. Babake alikuwa Mkikuyu wa Nyeri, na Kikuyu nacho hakina l. Aliishi Mombasa miaka 22, akajifunza kula mkate wa mofa na kuvaa kikoi, lakini ulimi haukuhama. Mashemeji walimtania hadi wakachoka. Tangu mtoto huyu akiwa mchanga, kila usiku alisimama mlangoni mwa chumba chake, mkono kwenye swichi ya taa, akasema, "Haya, rara sasa."

Binti yangu alicheka kwanza, akacheka mpaka akashika tumbo. Kisha aliniuliza kama abadilishe neno, aweke "pumzika", ambalo Teto analiweza. Nilimwambia aliache. Alirudia kile kipande mara moja zaidi ili aongeze pumzi mbele yake, na kabla hakijaisha alikuwa analia, kwa sauti, kama alivyokuwa akilia akiwa mdogo. Nilikaa naye mpaka akalala.

Wimbo haujakamilika. Ubeti wa pili una neno "ghafla", ambalo Teto hulitamka "gafura", na hilo amesema atalitafutia badala yake.